Alama Tisini na Moja za Kusikiliza

Jumatatu, 10 Juni

Muhula wa tatu umeanza. Shahada ya uzamili, ustawi wa jamii, kwa njia ya mtandao. Chuo changu kiko sebuleni, kati ya kabati la vyombo na dirisha. Juu nimevaa shati na tai, chini bukta. Kamera haioni bukta.

Mhadhiri ametoa kazi. Kila mmoja amsikilize mteja dakika arobaini, amrekodi, awasilishe Jumatano saa sita mchana. Masharti matatu. Mteja asiwe ndugu. Asitaje jina la mtu yeyote, maana siri ya mteja ni siri. Na msikilizaji asitoe ushauri. Hata mmoja! Nikaomba nafasi, nikamweleza kwamba mimi nina kipaji cha ushauri, nawapa watu hadi kwenye foleni ya choo. Akasema hicho hasa ndicho anachokihofia. Darasa zima likacheka.

Aliyecheka zaidi ni Kalamu Nne. Tuko naye ofisi moja ya ustawi, meza zetu zinatazamana, na hutembea na kalamu nne kana kwamba ana mikono minne. Mkuu wa kitengo chetu anastaafu Desemba. Kati yetu wawili, mwenye alama bora ndiye atakayekalia kile kiti kinachozunguka. Nimeshakijaribu bosi akiwa likizo. Kinanienea.

Mke wangu alisimama mlangoni na sare yake ya uuguzi, akasema ana jambo la kuzungumza nami. Nikamwambia angoje darasa liishe. Lilipoisha nikamweleza masharti yote matatu na kasoro za kila moja. Akatazama saa, akaenda zamu.

Jumanne, 11 Juni

Wateja hawapatikani! Muuza magazeti kasema hana shida. Nikamwambia anazo, akakataa kuniuzia gazeti. Fundi viatu alianza vizuri na habari za mgongo wake. Dakika ya pili nikamshauri abadili godoro. Ya tatu nikamshauri abadili kiti. Ya nne nikamgusia kubadili kazi. Ya tano akanirudishia kiatu hakijashonwa.

Ndipo akili ikafunguka. Mama mkwe! Yuko kwetu tangu Jumamosi, na akianza kuongea hakuna wa kumshika. Ni ndugu, sawa, lakini nani atajua? Nitamwandika "Mteja M, mjane, miaka sitini na sita, jirani". Yeye ataongea, simu itarekodi, mimi nitakaa tu. Nilipomwomba akauliza kama kweli nitamsikiliza. Nikamwambia Mama, dakika arobaini, sitakukatiza hata mara moja. Akasema basi kesho asubuhi, maana ana jambo limemkaa kooni.

Mke wangu amenigusa begani wakati wa chakula. Nikamwonyesha kiatu, nikamsimulia mkasa wa fundi mpaka wali ukapoa.

Jumatano, 12 Juni

Ushindi! Mama mkwe kwenye kochi, mimi kwenye kiti chenye mto. Nikamkumbusha asitaje majina. Simu mezani, inarekodi. Akaanzia mbali, mwaka aliochumbiwa. Nikaitikia kwa kichwa kama kitabu kinavyoelekeza. Nikaitikia tena. Mara ya tatu kichwa kilikwenda chini, hakikurudi.

Nikashtuka, mkono wake u juu ya goti langu. Machozi yanamtoka. Akauliza, umenielewa, baba? Nikasema nimekuelewa mno, Mama. Akasema basi ametua mzigo, sasa uko kwangu, na nisichelewe. Nikaapa kwamba sitachelewa. Na kweli sikuchelewa! Nimewasilisha saa sita kasoro dakika mbili. Kuisikiliza kwanza? Dakika arobaini na saba! Nani ana muda huo?

Alhamisi, 13 Juni

Tisini na moja! Ya kwanza darasani! Kalamu Nne kapata sabini na nane, akanywe maji alale. Mhadhiri ameandika kwamba tangu aanze kufundisha hajakutana na ukimya kama wangu. Hata "mm" sikusema. Amenikata alama chache tu kwa sababu ya friji inayokoroma karibu na kinasa sauti. Nimemwahidi kuihamisha.

Ameandika pia kwamba mteja amemgusa sana pale aliposimulia habari za binti yake. Kumbe binti amepata uhamisho wa kikazi, mji wa mbali, anaondoka Jumamosi hii. Mumewe hajui lolote. Kila mke akifungua mdomo, mume anaujaza maneno yake. Binti ameapa moyoni: mume akimuuliza tu, mwenyewe, bila kusukumwa, "Mke wangu, una nini?", uhamisho ataukataa. Asipomuuliza, ndiyo basi. Mhadhiri anamwombea mkwe huyo azinduke usingizini mapema.

Maskini wa Mungu! Mama mkwe ana mabinti wawili tu. Mmoja ni mke wangu. Kwa hiyo mume anayezungumzwa ni mwanyumba mwenzangu, fundi friji, aliyemuoa mdogo mtu. Mambo yote yanaingiana. Shemeji ni karani wa posta, na watu wa posta huhamishwa kila kukicha. Halafu yule bwana hana uwezo wa kusikiliza. Juzi tu nilikuwa namweleza jambo la saa mbili, akasinzia.

Ofisini Kalamu Nne akanivamia. Rekodi yangu imegawiwa darasa zima iwe mfano, naye ameisikiliza yote. Akauliza kama mwenyewe nimeisikiliza. Nikamwambia mganga hajigangi. Akasema ile sauti ya mama anaifahamu, ndiye aliyewahi kuniletea mwavuli ofisini, na kwamba yule binti ni... Nikamkata hapo hapo. Nimeshamjua! Anataka kunishtaki kwamba nimemrekodi ndugu. Akasema hana haja ya kunishtaki, ila nikumbuke Jumamosi ni keshokutwa. Kana kwamba sina kalenda.

Ijumaa, 14 Juni

Leo nimeokoa ndoa. Nilimfuata mwanyumba kwenye karakana yake, nikamkuta kichwa chote kiko ndani ya friji ya duka la nyama. Sikumtajia nani kaniambia, siri ya mteja ni siri. Nilimhutubia saa nzima hivyo hivyo, nikiutazama mgongo wake. Mwanamume gani anaishi na mke asimuulize ana nini? Akachomoa kichwa, akasema yeye mkewe humuuliza kila siku. Nikamwambia ndivyo wote msemavyo. Hofu ikamwingia, akampigia pale pale. Mkewe akajibu kwamba hana neno, isipokuwa angependa watoke kidogo mwisho wa wiki. Watatoka! Akanishukuru kwa mikono miwili yenye grisi.

Nyumbani mama mkwe akaninong'oneza kama nimeshauliza. Nikamwambia tulia Mama, jambo limekwisha, nimelimaliza mimi mwenyewe. Akainua mikono juu kumshukuru Mungu, akakimbilia chumbani kwa mke wangu. Nikamsikia mke wangu akisema hajaulizwa kitu na mtu yeyote. Kisha mlango ukafungwa. Mazungumzo ya mama na mwanawe, sikuyaingilia. Kutoingilia ni somo letu la pili.

Jumamosi, 15 Juni

Asubuhi mhadhiri kaniomba niwape wenzangu dakika tano juu ya kusikiliza. Nilikuwa dakika ya hamsini, hoja ya nne, mtandao ukakatika, ukadai neno la siri upya. Mtandao wa nyumbani kausajili mke wangu, na neno la siri analo yeye.

Nikamkuta mlangoni na mabegi mawili makubwa, mama yake kando, teksi inangoja. Anamsindikiza mama, nikasema moyoni. Ni vizuri, mzazi ni mzazi. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama enzi za uchumba. Akaniuliza kama sina swali lolote la kumuuliza. Nyuma yake mama mkwe ananikonyeza, ananionyesha mdomo kwa kidole niseme, anapiga dua. Nikasema ninalo. Mke wangu akaweka begi chini. Nilikuwa nimesahau jinsi anavyopendeza akitabasamu.

Nikamuuliza neno la siri la mtandao ni lipi.

Mama mkwe alikaa kitako kizingitini. Mke wangu akasema atalibadilisha kwanza. Akabonyeza simu yake, akaandika kwenye kikaratasi, akakikunja mara nne, akakitia mfukoni mwa shati langu. Akanirekebisha tai. Wakaenda. Kufika kwenye kompyuta, nikakumbuka darasa lenyewe limeshaisha.

Jumapili, 16 Juni

Nyumba kimya kabisa. Pazuri pa kusomea. Nimechemsha chai ya vikombe viwili kwa mazoea, nimevinywa vyote. Sare hazipo kwenye kamba. Sijisikii vizuri, wala sijui kwa nini. Mwanyumba kapiga simu kutoka matembezini, akauliza habari za mke wangu. Nikamsomea barua ya alama tisini na moja, mwanzo hadi mwisho.

Saa nne nimefungua kikaratasi ili niingie mtandaoni kuandika pendekezo la tasnifu. Mada: sababu za wanaume wa leo kutosikiliza. Neno la siri: ungeniulizatu. Herufi ndogo, zote pamoja. Nikalisoma mara mbili, nikatikisa kichwa. Halina namba hata moja! Mtoto wa chekechea angelipatia! Nimemwandikia ujumbe wenye hoja saba, kumshauri namna ya kutunga neno la siri imara. Ameusoma saa nne na nusu. Hadi sasa hajajibu. Bila shaka yuko kwenye hoja ya tatu, ndiyo ngumu.