Semina Elekezi ya Mbwa Wanaoogopa Fataki

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba mji wetu wa Iringa sasa una Kamati ya Kudhibiti Hofu ya Fataki kwa Mbwa na Paka. Mimi Isihaka ndiye Katibu wake. Hatukuiga popote, tuliibuni wenyewe, kwenye chai ya saa nne, chapati zikiwa bado za moto.

Chanzo ni mshonaji mmoja, Tekla, na mbwa wake anayeitwa Mtasema. Mkesha wa mwaka mpya uliopita fataki zilipoanza, Mtasema alitoka mbio, akapatikana siku ya tatu huko Ilula, amejikunyata katikati ya matenga ya nyanya, hataki hata kuitwa. Tekla akaja ofisini kwetu na ombi dogo: tutangaze mapema saa ya fataki, amfungie mbwa chumbani na kumwashia redio. Sasa ombi dogo namna ile ofisi kubwa italishughulikiaje? Tukalikuza.

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Anyelwisye, aliyehamia kwetu kutoka Mbeya na kifua chake cha majivuno, alitoa maelekezo. Kila mbwa ahudhurie semina ya utulivu. Atakayeonyesha hofu ahamishiwe kijijini Nyololo, akae huko mpaka ajirekebishe. Nani angempokea Nyololo, hilo lilibaki kwenye yatokanayo.

Tekla alinifuata nje.

"Katibu, mimi naishi peke yangu. Huyo mbwa ndiye mwenzangu. Mkimpeleka Nyololo nabaki na nani?"

"Na Kamati, mama."

Alinitazama weee, kisha akaondoka bila kuaga.

Semina ilipangwa saa tatu asubuhi. Mbwa kumi na wanne, na paka mmoja aliyeletwa ndani ya ndoo, walisaini mahudhurio kwa unyayo uliochovywa kwenye pedi ya muhuri. Halafu tukamsubiri mgeni rasmi, ambaye ni Mwenyekiti mwenyewe, maana semina haiwezi kufunguliwa na mtu aliyewahi kufika. Alitokea saa saba na nusu. Mbwa watatu walishapitiwa na usingizi, jambo ambalo niliandika kama mafanikio ya awali.

"Hofu ni mtazamo tu," alisema pale meza kuu. "Mbona mimi siogopi?" Watu wakapiga makofi. Akamgeukia mgambo Abdul. "Sasa nazindua rasmi. Washa."

Kwetu shughuli isiyo na fataki haijazinduliwa. Ni Tekla peke yake aliyenyoosha mkono.

"Mheshimiwa, unazindua utulivu kwa fataki?"

"Mama, itifaki ni itifaki."

Abdul akawasha. Boksi la fataki lilikuwa limekalishwa juu ya tofali bovu. Likalala ubavu, mdomo ukaelekea meza kuu. Sitaki kuzua taharuki, ila fataki sita zilipita jirani sana na kofia ya Mheshimiwa. Moshi ulipopungua, kiti chake kilikuwa kitupu.

Nikafunua kitambaa cha meza kwa ajili ya tathmini. Mheshimiwa alikuwa chini, amemkumbatia Mtasema shingoni, wote wawili wanatetemeka. Tekla alishaingia huko kwa magoti na kuwafunika masikio kwa kitenge chake.

"Pole, baba, pole. Vuta pumzi, yanaisha," alikuwa akisema, na sikujua anamwambia yupi.

Nikatoa fomu. Kutetemeka, kujificha, kujikojolea. Mtasema alipata alama mbili. Mheshimiwa naye mbili; kipengele cha tatu nilikiacha wazi kwa heshima ya ofisi.

"Katibu, unaandika nini?"

"Walioonyesha hofu, Mheshimiwa. Ni wewe na mbwa."

"Basi gari la Nyololo liwe na siti mbili," alisema Tekla.

Mkono ukavuta kitambaa cha meza chini.

"Hakuna anayehamishwa," sauti ikatoka chini. "Yale maelekezo yalikuwa rasimu."

Tekla alimbusu mbwa kichwani huku analia. Hata mimi nilifurahi, nakiri, ila nilifurahi nyuma ya faili.

Tarehe thelathini na moja Desemba, saa kumi na mbili jioni, Mheshimiwa alipiga hodi kwa Tekla. Mimi nilikuwa nyuma, nimembebea mto na blanketi. Tekla akafungua mlango nusu.

"Kamwene, mama," alisema Mheshimiwa. "Nimesikia una chumba chenye redio."

"Kamwene. Una barua ya mjumbe?"

"Mjumbe amesafiri."

"Na picha mbili za pasipoti?"

Mheshimiwa akajipapasa mifukoni. Vijana wa mtaa wa Kihesa walishaanza kujaribu fataki zao. Moja ikalia, naye akaning'ang'ania mkono.

"Mama, nakuomba."

"Nimekuelewa, baba," alisema Tekla, kwa upole uleule tunaoutumia dirishani pale ofisini, "ila mhusika hayupo. Njoo Jumatatu."