Seva ya Kapsoya na Posa Isiyofika

Kapsoya, Eldoret
Jumamosi asubuhi

Kwa Mzee Wabuge wa Kiplombe, baba yake Byron,

KUH: KIMYA CHENU KUHUSU BINTI YANGU MWIHAKI

Natumaini hamjambo, na kwamba mikono yenu haijavunjika, maana sioni sababu nyingine ya kutoniandikia. Mnisamehe nikikosea herufi. Kuna watu wanaimba huko barabarani na sijui ni arusi ya nani.

Byron aliponiambia mnataka kuja kumposa msichana wetu, nilisema jambo moja tu: tangulizeni barua, kama watu wenye adabu, tena kwenye anwani yangu mpya ya barua pepe. Miezi miwili imepita. Nalalamika hivi:

1. Anwani hiyo si ya makampuni ya ng'ambo. Ni yangu. Seva yenyewe ni kompyuta niliyoiunda kwa mikono yangu, imekaa nyuma ya duka juu ya gunia la mahindi, na stima ikipotea inaendeshwa na betri ya gari. Hakuna familia nyingine Kapsoya inayopokea posa kwa mtambo wake. Heshima hiyo mmeikalia.

2. Msiniambie ati seva ilikataa. Matapeli walikuwa wakinisumbua, kwa hivyo niliiamuru itupe kwenye taka kila barua yenye maneno "zawadi", "ombi la heshima" na "familia yako tukufu". Sasa sanduku langu ni safi kabisa. Halina barua hata moja.

3. Mke wangu anasema ningepiga simu. Mwenye msichana hapigi simu kuuliza kama binti yake bado anatakikana! Mwihaki naye ameacha kula mezani na mimi. Anashinda jikoni akilia, akidhani Byron amembadilikia, na hilo linaniuma sana, mzee.

4. Basi mkija bila barua, lango halitafunguliwa. Funguo ninazo mimi mfukoni.

Nisalimie Mama Byron, shangazi zake wote, na wale ng'ombe ambao naona mmeamua kubaki nao.

Wako anayezidi kungoja,
Mburu, mwenye seva

Nyongeza: Naituma hii peke yake kwa sababu ile barua imeshaondoka na siwezi kuirudisha. Mama Mwihaki amenilazimisha nifungue ile taka. Nimekuta barua zenu tatu. Zimeandikwa vizuri sana: zina zawadi, zina ombi la heshima, na familia yangu mmeiita tukufu. Ya mwisho inasema mnakuja leo asubuhi. Kumbe wanaoimba ni nyinyi, na mko langoni kwangu. Mwihaki ameshatoka mbio bila viatu, lakini hana funguo. Msiondoke, nakuja. Na ile barua yangu ya kwanza, mzee, tafadhali itupe kwenye taka bila kuisoma.