Pombe ya Izidori

Jumatatu, 9 Julai 1956. Mbinga.

Baridi. Ukungu mpaka saa nne. Leo nimepata wazo litakalonitoa kimaisha. Wenye akili tupo, basi tu hatuulizwi.

Mambo yako hivi. Shemeji yangu Izidori, kaka wa mke wangu Kalista, amelazwa zahanati ya misheni. Alijikata mguu kwa jembe akichimba ngolo zake, yale mashimo ya kulimia mlimani, kule Kitura, akapaka majani, akaendelea kulima. Sasa mguu umevimba hadi gotini. Sista Hildegardi anasema dawa zake zimefika mwisho, mgonjwa apelekwe hospitali Songea upesi. Kilabuni leo Tadei, fundi cherehani, mtu wa kujipendekeza kila mahali, akasema vijana wambebe kwa machela, wapokezane njiani. Kwa machela! Mwaka huu wa 1956!

Nikasimama. Nikasema kilabu na zahanati vishirikiane. Kila anywaye, sehemu ya bei ya kibuyu chake iende kukodi lori maalumu la kumpeleka Izidori kwa heshima. Na ili watu wavutike, iwepo kadi ya vinywaji iliyopigwa chapa, kama kwenye hoteli za Wazungu. Kuibuni nitaibuni mimi. Watu wakatazamana. Nadhani ni kwa kuvutiwa. Mama Bonifasia, mwenye kilabu, akauliza ni nani hapa asiyejua anauza nini. Nikamwambia ndiyo maana biashara yake haikui.

Machela imeahirishwa. Tadei amenuna. Siku njema sana.

Jumatano, 11 Julai.

Nimechora tangu asubuhi. Ulezi. Kangara. Ulanzi, ukipatikana. Togwa, kwa wanaoogopa wake zao. Nikaitazama, nikaona haina uhai. Ndipo likanijia: kinywaji kikuu kipewe jina la mgonjwa mwenyewe! Pombe ya Izidori. Mtu ananyanyua kibuyu, anakumbuka anamsaidia nani.

Nikampelekea Mama Bonifasia. Akaweka upawa chini. Akasema huku Umatengoni chungu hakiitwi kwa jina la mtu aliye hai. Pombe ya fulani ni ile inayopikwa fulani akishazikwa, watu waje wamalizie kilio. Nikamwambia shikamoo yake naiheshimu, lakini mimi ni mtu wa Lundo, wa ziwani, kwetu hatuogopi vyungu. Kwanza najua kinachomsumbua. Alitaka iitwe Pombe ya Bonifasia.

Nyumbani Kalista akasema maneno yaleyale, kwa sauti ya juu zaidi. Nikamweleza kwamba mila ni za watu wasiosafiri. Nimelala bila kula.

Jumamosi, 14 Julai.

Nimefika kiwanda cha chapa cha misheni, njia ya Songea. Safari nzuri! Lori la kahawa lilikuwa linakwenda Songea, dereva akanipa nafasi ya mbele. Nyuma magunia machache tu, mtu mzima angeweza kulala akajinyoosha. Dereva mwenyewe akauliza kama ni kweli Mbinga kuna mgonjwa wa mguu, tumpitie. Nikamwambia asijisumbue, huyo ameandaliwa lori lake maalumu. Huwezi kumchanganya mgonjwa wa hadhi hiyo na magunia. Na tungempakia leo, kadi ingekuwa ya nini?

Kiwandani Bruda mkuu hayupo. Yupo mchapaji wake, Ignatio, mtu mzito wa kuelewa. Karatasi nyeupe zimekwisha. Ila kabatini kulikuwa na kadi nene, nzuri, zimebaki tangu Kwaresima, zina mstari mweusi pembeni na msalaba mdogo juu. Hadhi yenyewe ndiyo hiyo! Nikazitaka zote. Ignatio akanipa pole, akauliza marehemu ni nani. Nikamjibu hakuna marehemu, hii ni orodha ya vinywaji. Akauliza tena. Nikamwambia afanye kazi yake.

Chini kabisa nimeweka jina langu, Mansuetus, Mbunifu, kwa herufi kubwa kuliko za ulanzi.

Jumapili, 22 Julai.

Nimerudi jana na mzigo wangu. Leo baada ya misa nimegawa kadi mlangoni pa kanisa. Watu wamezipokea kwa mikono miwili, kwa unyenyekevu. Akina mama wawili wamefanya ishara ya msalaba. Huo ndio uwezo wa chapa! Nyingine nimewapa wabeba kahawa wazifikishe Mpepai na Kitura. Uzinduzi ni Jumatano.

Nimempitia Izidori. Chumba kinanuka, sikukaa. Sista Hildegardi amenivuta pembeni, akasema vidole vya mguu vimekuwa vyeusi, na kama kuna lori na lije leo. Nikamwambia Jumatano, baada ya hotuba. Izidori akasikia. Amekonda uso, lakini bado ana mzaha wake.

"Shemeji," akasema, "mimi nina subira. Mguu ndio hauna."

Nilicheka. Njiani kicheko kikaniishia, sijui kwa nini. Nilipoachishwa kazi ya kupima kahawa, kila mtu alinipita kwenye ukungu kama hanioni. Izidori alikuja na gunia la mahindi begani, akaliweka mlangoni, akazungumzia mvua.

Tadei kanisubiri njiani. Ameshakata miti ya machela. Nikamwambia kumbeba mgonjwa sasa ni kuwatukana wafadhili. Akauliza wafadhili gani. Sikujibu upuuzi.

Jumatano, 25 Julai.

Nianzie wapi.

Asubuhi niliona watu wanateremka mlima wa Kitura, msururu. Nikafurahi. Nikavaa koti. Walipokaribia nikaona majembe. Nikaona unga vichwani mwa wanawake. Kisha nikasikia kilio.

Wamekuja msibani.

Hotuba yangu haikusikika. Wanaume wakauliza mwili uko wapi. Waliotoka mbali wakakaa chini, wakaletewa vibuyu, na kwenye msiba pombe hainunuliwi, mtu anapewa. Mama Bonifasia hakuweza kumnyima mtu aliyelia. Vyungu vyote vikaisha. Mfuko wa lori haukupata kitu. Nilijaribu kupita na kopo la michango, mzee mmoja akaweka punje za mahindi, kwa mazishi.

Mkwe wangu, Mama Emerensiana, mama yao Izidori na Kalista, alikuja akiwa amenyoa kichwa. Tangu nimwoe binti yake hatujawahi kutazamana. Akija huku, mimi napita kule, ndiyo heshima. Leo alisimama mbele yangu, kadi mkononi, akanitazama usoni. Afadhali angenipiga.

Wakaenda zahanati kuchukua mwili. Wakamkuta Izidori anakunywa uji. Mama yake akaanguka miguuni pa kitanda.

Baadaye Izidori aliniita. Akaomba kadi, akaisoma yote, polepole, hadi kwenye togwa. Nikajiandaa kutukanwa.

"Na ulezi wenyewe," akasema, "ulikuwa mzuri?"

Nikamwambia ulikuwa mzuri. Akasema basi afadhali. Nikatoka nje, nikalia nyuma ya jiko la Sista. Naandika hili kwa kuwa hakuna asomaye.

Alhamisi, 26 Julai.

Tadei na vijana wa Mpepai wamemchukua kwa machela alfajiri. Kalista amefuata. Nilijitolea kuongoza msafara. Tadei akaniomba nibaki nitunze kilabu. Sasa kilabu kina nini cha kutunzwa, vyungu vitupu? Wivu umemkaa yule mtu.

Sista Hildegardi alisimama barabarani hadi walipopotea kwenye kona. Nikamwambia watafika tu. Akasema wangeondoka pale mwanzo, angesema hivyo hata yeye.

Jumamosi, 28 Julai.

Hakufika. Izidori amefariki njiani, ng'ambo kidogo ya kijito kimoja, wakiwa wamemshusha wabadilishane mabega. Wamerudi naye kwa machela ileile.

Tumemzika leo Kitura. Kaburi lilikuwa tayari, walilichimba kabla hawajateremka ile Jumatano, wakaogopa kulifukia tupu. Nikawaambia watu kwamba walau kazi ilikuwa imepungua. Wakaendelea kushindilia udongo. Labda hawakusikia.

Dereva wa lori la kahawa alikuja kuzika. Mtu wa mdomo mrefu. Nilimwona anazungumza na Kalista, anaonyesha kwa mikono jinsi magunia yalivyokuwa machache. Kalista akanijia mbele ya watu wote. Hakupaza sauti.

"Lori ulilipanda wewe, Baba Ephrasia."

Basi. Akarudi kukaa na mama yake, amemlaza binti yetu Ephrasia mapajani. Nikateremka peke yangu. Nyumba ina baridi. Hajasema atarudi lini, na mimi nimeogopa kuuliza.

Jumatano, 1 Agosti.

Leo nimeamka na nguvu. Mtu hawezi kukaa anajilaumu tu.

Mama Bonifasia ameloweka ulezi wa kumalizia kilio. Unaitwaje? Pombe ya Izidori! Nimemwonyesha kwamba kadi yangu sasa ni sahihi kuanzia msalaba hadi togwa, hakuna awezaye kusema nilichapa uongo. Zilitangulia wakati tu. Akaomba zilizobaki awashie moto. Nimezificha chini ya kitanda.

Halafu nimepata habari. Mama yake Tadei, bibi Lusia, amelala tangu juzi, tumbo limevimba, Sista amesema Songea upesi. Tadei anakaza kamba za machela, anataka kuondoka kesho alfajiri. Nilimkimbilia. Nikamweleza kwa upole kosa letu la kwanza lilikuwa wapi: rangi. Mstari mweusi unawachanganya watu wa mlimani. Safari hii tutumie kijani. Akaendelea kukaza kamba. Nimemwomba asubiri japo wiki moja, kwa ajili ya mama yake.

Nimeshaanza kuchora. Pombe ya Lusia, na maua pembeni. Lori la kahawa linaondoka Ijumaa kwenda Songea, nyuma halina mzigo wowote. Nimeshaomba nafasi. Ya mbele.