Malalamiko Juu ya Nyumba Isiyokula Bila Mimi

Nsambya, Kampala
Jumapili, 7 Juni 2026
Mwaka mmoja na miezi minne tangu niondoke Tanga

Kwa Mjomba wangu, Mzee Mhina,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na Mama hajambo. Mimi ni mzima, na uzima huo ndio unaonifanya niandike, maana nina malalamiko makubwa dhidi ya rafiki yako Mzee Odyek, uliyemjua enzi zile alipokuwa mkimbizi hapo Tanga, pamoja na mkewe, Bibi Nuriat. Nilipotoka soba, ile nyumba ya kuachishia dawa za kulevya, ulinileta kwao ili nikae mbali na unga na mbali na wanaouuza, nifanye kibarua, nipumzike. Unga sijagusa. Kupumzika, Mjomba, sijapumzika hata siku moja. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo naweka nambari ili mambo yasichanganyike.

1. Hawali bila mimi. Sisemi kwamba wananiwekea chakula. Kuwekewa ningeelewa. Nasema hawali. Mzee ni Mkatoliki, Bibi ni Mnubi na Mwislamu, mambo ya dini wanataniana kutwa, lakini katika hili wameungana dhidi yangu. Ugali wa ulezi uko kwenye sinia moja, mboga ya karanga kwenye bakuli moja, mikono wameshanawa, wote wamekaa wananingoja. Na Mzee ana vidonda vya tumbo! Daktari amemwambia ale kwa saa. Mtu aliyekuwa askari polisi maisha yake yote, leo anashindwa kushika tonge kwa sababu kibarua mmoja bado yuko njiani kutoka Nakawa. Nikizubaa nje kidogo tu, mimi ndiye ninayemuua mzee wa watu.

2. Kazini pia hakuna haki. Tunajenga ghorofa, na zege tunalipandisha kwa makarai, mkono kwa mkono, watu wamejipanga kwenye ngazi kutoka chini mpaka juu. Msimamizi wetu, Obita, ameniweka katikati. Mtu wa mwisho akienda kujisaidia akakawia, hakuna anayejali. Mtu wa katikati akiinua mguu, wa chini wanabaki na karai mikononi, wa juu wanabaki mikono mitupu, na wote wanalitaja jina langu kwa sauti. Nimeomba mara nyingi anihamishe pembeni. Obita anasema, "Wewe kaa hapo hapo. Mikono yako haiangushi." Hivi mtu atapataje nafasi ya kupotea japo nusu saa?

3. Hawanishuku. Hili linaniuma zaidi. Wewe, Mjomba, ulinipa heshima yangu: redio uliifunga kwa kufuli, na Shangazi alikuwa akinusa shati langu kila nikiingia. Nilijua mimi ni nani. Huku Bibi ananiachia pasi, simu, na cherehani ya binti yao Lakica, halafu anakwenda zake msibani. Nilimuuliza, "Bibi, huniogopi?" Akasema, "Nakuogopa ukianza kuimba." Mtu aliyezoea kunuswa, akiachwa tu hivi hivi, anakosa pa kuegemea.

4. Wameniharibia mambo yangu ya binafsi. Jumamosi moja baada ya Pasaka nilipigiwa simu na mtu tuliyekuwa naye kijiweni hapo Tanga. Sasa yuko Nateete, hapa hapa Kampala, anauza kilekile. Nakwambia wazi, nilikwenda. Tulikaa nyuma ya kibanda cha chapati, akatoa kete moja ya unga, akaniwekea juu ya goti, ya bure, kwa ajili ya zamani. Haki yangu ya kuharibikiwa nilikuwa nimeshaipata, kwa hiari yangu, bila kumsumbua mtu. Hapo, badala ya hamu ya unga, ikanishika njaa. Wala haikuwa njaa yangu, mimi nilishakula chapati mbili. Ilikuwa njaa ya Mzee. Saa yake ya kula ilikuwa inapita, na nilikuwa naiona ile mikono yao waliyokwisha kunawa inakauka. Nikamrudishia jamaa kete yake. Akaniita bwege. Nikapanda bodaboda.

Nilifika jua limezama. Wote wamekaa. Mzee ameinama kidogo, mkono tumboni. Njiani nilikuwa nimetengeneza uongo mzuri sana, wenye lori lililopinduka na mpaka jina la dereva. Hakuna aliyeuliza. Bibi akasema tu, "Kuja unawe, mwanangu." Lakica, ambaye ulimi wake hauna breki, akasema, "Sheikh Sufiani, leo umefungisha mpaka Wakatoliki!" Mzee akameza matonge kadhaa, rangi ikamrudia usoni, ndipo akasema, "Chumvi kidogo leo." Basi. Uongo wangu wote ulikwenda bure. Nyumba ya kawaida ingenipa ugomvi, na ugomvi ungenipa sababu ya kurudi Nateete kesho yake. Sababu sikupewa.

5. Nilijaribu suluhu. Niliwaomba kwa heshima wawe wanakula bila mimi. Wakakaa kikao, Mzee akakisimamia kama yuko kituoni, na uamuzi ukatoka: nikijua nitachelewa niseme mapema, ili wasubiri vizuri. Lakica akaongeza, "Na ukitaka kutoroka pia utuambie, tutafute mito ya kukalia."

Kutokana na hayo, Mjomba, nimeona njia ya kumwokoa Mzee Odyek ni moja tu, mimi kuondoka. Umeniandikia nije kwenye harusi ya binti yako mwezi wa nane. Naomba nikija nisirudi huku tena. Wenzangu wa kijiweni wamenitumia salamu kwamba nafasi yangu ipo. Na nyumbani kuna utaratibu mzuri: sahani yangu ilikuwa inafunikwa mezani, nije saa yoyote, nisije kabisa, hakuna aliyeona njaa kwa ajili yangu. Ule ndio uhuru. Niliutumia miaka yote ile mpaka suruali zikawa zinanidondoka. Tafadhali mwandikie Mzee barua kali, umwambie aniachilie, na umwamuru ale.

Nisalimie Mama, Shangazi na pua yake, bibi harusi, majirani wa mtaa mzima, na wote wanaoniulizia kwa nia njema. Wanaoniulizia kwa nia nyingine waambie hujasikia habari zangu.

Ni mimi mpwa wako mtiifu, niliyechoka kusubiriwa,
Sufiani Mbwana

N.B. Mjomba, nilipokuwa naandika sahihi, Lakica aligonga mlango: "Barua gani hiyo inayotuua na njaa?" Kumbe chakula kilikuwa kimeshatengwa muda wote, wananingoja. Nimekwenda, nimekula, narudi kumalizia. Usimwandikie Mzee. Nimemweleza habari za harusi, kisha nikajikuta nasema mbele ya watu wote kwamba naogopa kuja Tanga peke yangu. Sikujua kama naogopa mpaka nilipolisikia neno likitoka mdomoni. Mzee alimaliza kutafuna, akamgeukia Bibi, akamwambia atafute begi. Kwa hiyo tutafika watatu, mimi, Mzee na Bibi, Alhamisi tarehe 6 Agosti, jioni, na Jumatatu tutarudi Kampala pamoja. Kuja kukaa moja kwa moja bado, labda mwakani jengo likiisha, nitakuarifu. Mabasi ya huku mara nyingi huchelewa mpakani. Letu likichelewa, tafadhali msianze kula.