Kope za Pentekoste

Jumatatu, 19 Mei

Nimechaguliwa! Naandika tena ili niamini: nimechaguliwa. Parokia yetu ni ya watu wa reli waliokuja Kamina kutoka kila upande, na siku ya Pentekoste tunasoma habari za Roho Mtakatifu kwa lugha zetu, msomaji mmoja kwa kila lugha. Kifaransa, Kiluba, Tshiluba, na mwisho Kiswahili, ambacho ni cha wote na somo lake ndilo refu kuliko yote. Msomaji wa Kiswahili mwaka huu ni mimi, Élisa. Mama Augustine, mwalimu wetu na mkuu wa wasomaji, amesema nina sauti safi na ninaheshimu nukta.

Nimempigia simu Papa, baba yangu. Papa ni mashinisti, siku zote yuko njiani akiendesha treni yake. Amesema atabadilishana zamu na mwenzake ili Pentekoste imkute Kamina. Hajawahi kunisikia nikisoma mbele za watu. Hata mara moja.

Jambo moja tu. Chancelvie, aliyeitaka nafasi hiyo akawa wa pili, aliniambia mlangoni: "Utasoma muzuri, Élisa. Lakini musomaji anaangaliaka chini mu kitabu. Bantu bataona nini? Macho yako iko sawa madirisha bila rido!" Wote wakacheka. Nami nikacheka, kwa adabu.

Nimejitazama kwenye kioo. Ni kweli, madirisha bila pazia. Kope zangu ni chache na zimesimama kama majani yaliyobaki baada ya moto wa kiangazi. Hili lazima lirekebishwe.

Jumanne, 20 Mei

Nimegundua! Kaku Tshibola, mama yake Papa, ana kope za malkia. Tunakaa nyumba moja na sikuwahi kuziona! Ndefu, nyeusi, zimejikunja, zinapangusa miwani yake kwa ndani. Mwaka jana hakuwa nazo. Nikamwuliza siri yake. Akasema siri gani, ni yale matone ya tension ya macho, presha ile inayoua macho polepole. Aliandikiwa na daktari wa Lubumbashi, na tangu aanze kope zinaota tu. Zinamsumbua. Papa Kalala aliyefiwa na mkewe sasa anamsalimia mara mbili kila Jumapili, na hilo nalo linamsumbua.

Kisha akachukua mkasi wa kushonea akazipunguza. Alizipunguza! Nilishika ukuta.

Chupa iko juu ya kabati. Sitaigusa. Kaku akikosa matone yake anaweza kupofuka, na mimi nimelelewa. Nitatafuta ya kwangu, kwa njia halali.

Alhamisi, 22 Mei

Njia halali: famasi ya Papa Muteba, karibu na soko. Nilitaja jina la dawa bila kukwama. Akadai ordonansi, karatasi ya daktari. Bila hiyo hatoi. Nikasema nina tension ya macho. Akamwita mkewe kutoka nyuma aje asikie. "Mutoto huyu iko na tension! Tension ya mitihani!" Mwenye pikipiki aliyekuja kununua dawa ya malaria akanishauri ninywe maji mengi.

Nimetoka kichwa juu. Kinachokosekana ni karatasi tu. Karatasi hupatikana.

Jumapili, 25 Mei

Mungu anajibu! Limetolewa tangazo: daktari wa macho anakuja kutoka Lubumbashi. Jumatano muuguzi wake atapima watu katika ukumbi wa parokia, na wenye shida watamwona daktari Ijumaa.

Nitakuwa na shida.

Je, ni uongo? Nimelifikiria muda wote wa mahubiri. Kaku anao ugonjwa huu, mimi ni damu yake, huenda siku moja nikaupata. Kwa hiyo si uongo. Ni kutangulia.

Jumatano, 28 Mei

Imefaulu kupita kiasi.

Bango la kupimia lina herufi E peke yake, kubwa juu, ndogo chini, kila moja imegeuziwa upande wake. Muuguzi Jéthro anagusa moja kwa fimbo, nawe unaonyesha kwa mkono miguu yake inaelekea wapi. Nilikuwa nimejiandaa. Ikielekea juu, nilionyesha chini. Ikielekea kulia, nilionyesha kushoto. Sikupata hata moja. Hata ile kubwa kama kiti! Jéthro akaacha kutafuna muwa wake. Akanisogeza karibu. Akanisogeza tena, mpaka ningeweza kulilamba bango. Nikaonyesha juu. Ilikuwa chini.

"Mama yangu we," akasema. "Umefika hapa na nani?"

Nikasema nimekuja kwa baiskeli.

Akakaa chini. Ameniandika wa kwanza kwa daktari.

Kuna kasoro ndogo. Nilipogeuka niliona kwamba aliyefuata kwenye foleni ni Mama Augustine. Alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa.

Alhamisi, 29 Mei

Siku ngumu. Mama Augustine ameingia darasani akanikumbatia mbele ya wote. Akasema kumbe miaka yote hii mtoto huyu amekuwa akishika masomo gizani, na hakulalamika! Amenihamishia benchi la mbele kabisa. Ubaoni anaandika herufi kubwa kama jina la kituo cha treni. Wenzangu wananishika mkono kunipeleka chooni. Sikuweza hata kukojoa kwa amani.

Kisha pigo. Amesema hawezi kunitesa na Biblia yenye herufi ndogo. Kiswahili atasoma Chancelvie.

Nilifungua mdomo. Lakini nikisema naona, ordonansi imekwenda. Nikaufunga. Chancelvie akanishika bega na kuninong'oneza, "Pole, yaya, dada yangu. Miye nitakusomea, weye utasikiliza tu."

Nimetafakari. Mpango bado ni mzuri. Kesho napata ordonansi. Jumatatu natangaza nafuu. Nafasi inarudi, Papa anakuja, na kope ziko njiani.

Ijumaa, 30 Mei

Daktari Mbuyu ni mwanamke mfupi mwenye mikono baridi. Alinimulika macho, akayapima presha, akaniweka mbele ya bango. Nikakosa zote tena, safari hii kwa ufundi zaidi. Akacheka mpaka akavua miwani.

Akasema asiyeona hubahatisha, na anayebahatisha hupata moja hapa na moja pale. Ili mtu azikose zote, lazima azione zote. "Mama, weye uko na macho ya tai. Sasa sema kweli: unatafuta nini?"

Nikalia kidogo. Nikamweleza: kitabu, kope, Kaku, rido. Hakunikaripia. Alieleza kama anayezungumza na mtu mzima. Matone ya Kaku ni ya kulinda macho yake. Kope zilikuja zenyewe, kama mgeni ambaye hakualikwa. Baadaye wataalamu waliitengeneza dawa hiyo kwa ajili ya watu wazima ambao kope zao ni haba. Inapakwa kila jioni kwa brashi ndogo, kwenye mizizi ya kope za juu. Daktari huiandika na kumfuatilia mtu, kwa sababu inaweza kuwasha macho, kuyafanya mekundu, kutia weusi ngozi inayoyazunguka, na hata kubadili rangi ya jicho. Ikichuruzika shavuni mara kwa mara, nywele huota shavuni. Nikajiona na ndevu mbele ya parokia. Na ukiiacha, kope hurudi kama zamani.

Nikauliza inachukua muda gani. Miezi miwili kuanza kuonekana, minne kukamilika.

Akauliza Pentekoste ni lini. Nikasema Jumapili ijayo, si hii, ile nyingine.

"Basi ungekuja mwezi wa pili," akasema, na hakuandika chochote.

Jumamosi, 31 Mei

Daktari amemwambia Mama Augustine kwamba macho yangu ni mazima. Sababu hakuitaja, lakini Mama Augustine si mtoto. "Élisa, nililia," akasema. "Niliita bamama ba maombi nyumbani kwangu, tukalia wote." Hilo limeniuma kuliko adhabu.

Adhabu: Chancelvie anabaki na Kiswahili. Mguu wa mikrofoni umevunjika, kwa hiyo nitamshikia mikrofoni.

Papa ameshabadilisha zamu.

Jumapili, 8 Juni

Kanisa limejaa mpaka ngazini. Kaku alisoma Tshiluba, kope zimeshaota tena, na Papa Kalala akaitikia amina mahali pasipo na amina. Papa yangu alikaa benchi la tatu na koti lake la sikukuu. Nilijaribu kutomwangalia.

Chancelvie akapanda. Amebandika kope! Za kununua, ndefu kama ufagio, na gundi. Nilikuwa karibu kiasi cha kuinusa. Aliposoma kuhusu upepo wa nguvu, jicho la kushoto likaanza kuvuja. Kwenye ndimi za moto, yote mawili. Machozi yakamiminika, sauti ikakatika, akapumua, akaendelea. Mimi najua ni gundi. Kanisa halijui! Mama mmoja akapiga kelele ya furaha. Mchungaji akavua miwani. Mama Augustine alilia waziwazi, akainua mikono. Hakuna aliyewahi kusoma hivyo, wamesema wote. Nilishika mikrofoni kwa mikono miwili na mdomo wangu ukimfuata kimya, neno kwa neno, kwa sababu nilijua somo lote.

Nje, Papa akaniambia nilishika vizuri, sikutetemeka, na mashinisti hatakiwi kutetemeka. Akaongeza kwamba aliuona mdomo wangu. "Somo lote unalijua, mama? Krismasi nitabadilisha zamu tena."



Jumatatu, 9 Juni

Sasa nimetulia na nimeelewa. Jambo hili limenifundisha sana. Nimekuwa mjinga kuhangaika na madaktari, famasi na ordonansi. Nimeachana na kope kabisa, kwa moyo wote.

Siri haikuwa kope hata kidogo. Ilikuwa machozi.

Leo Mama Augustine ametangaza kwamba wasomaji wa Krismasi watajaribiwa mwezi wa tisa, na atatafuta wale wanaogusa mioyo. Nimepita sokoni nikarudi na vitunguu, vile vidogo vyekundu vikali. Nimekata kimoja na kukisugua kwenye ukosi wa gauni la Jumapili, upande wa kushoto, ambapo kichwa huinama msomaji anapotazama kitabu. Naandika haya sioni vizuri, kweli safari hii, lakini machozi yanatoka kwa wingi na sauti inakatika yenyewe mahali pazuri.

Na kitunguu hakihitaji ordonansi.