Meli ya Bati kwenye Mto wa Bertrams

Jumatatu, 4 Machi 2002

Balaa! Mselem amerudi kutoka Tanga na jibu la posa. Si ndiyo, si hapana. Mzee Bakiri, baba yake Mayasa, anataka picha.

Kosa si langu. Nilimwomba Mselem, mshenga wangu, aipambe kazi yangu kidogo. Kidogo tu! Angesemaje, kwamba mposaji hupiga picha za pasipoti kwenye foleni ya uhamiaji? Basi akamwambia mzee kuwa mimi ndiye mpiga picha wa meli ya kale ya mvuke, ile yenye magurudumu ubavuni, inayopita kwenye mto wa Johannesburg kila magharibi. Kumbe mzee alikuwa fundi wa injini za meli kwa miaka thelathini! Sasa anataka kuiona, taa zikiwaka, ndipo aijibu barua. Mselem anapeleka mzigo mwingine Tanga Ijumaa, na picha lazima aende nayo.

Mto wa mji huu unaanzia hapa hapa Bertrams, karibu na uwanja wa mpira, ndani ya mfereji wa zege. Jioni nimeupima. Maji yananifika kwenye kifundo cha mguu.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata akili! Mto ni mdogo, basi na meli iwe ndogo. Nimekwenda Yeoville kwa Gaston, Mkongo anayetengeneza vigari vya makopo. Ameniuliza magurudumu ya meli yanazungukia upande gani. Nikamwambia ayafunge tu, asinipotezee muda.

Mayasa hufanya kazi ya kusuka nywele kwenye saluni ya mkabala. Ameniona. Akauliza mtu anayetaka kuoa ananunua vitu vya kuchezea vya nini. Nikasema ni vya mteja. Hakuamini. Akasema nimwambie baba yake ukweli, kazi ya pasipoti haina aibu, na baba yake hapendi makuu. Nikamwambia yeye hamjui baba yake.

Jumatano, 6 Machi

Meli tayari. Nzuri mno! Bomba la moshi ni kopo la nyanya. Madirisha kumi na mawili. Magurudumu ni vifuniko vya makopo ya samaki. Ila ubavuni Gaston ameandika MARCELLINE kwa rangi nyekundu. Ndilo jina la mke wake. Nimelalamika. Amesema boti bila jina haiendi fasi yoyote.

Usiku huu usingizi hauji. Je, mvua ikinyesha kesho?

Alhamisi, 7 Machi

Haikunyesha. Saa kumi na mbili jioni nililala kifudifudi juu ya zege, kamera mkononi. Mshumaa ndani ya meli, udi ndani ya bomba, moshi ukipanda vizuri. Jua likashuka, maji yakawa dhahabu tupu. Nikapiga picha mbili. Mbili tu!

Honi. Seif! Huyu naye amepeleka posa kwa Mzee Bakiri. Anafanya kazi benki huko Sandton, ana gari, ana kila kitu. Alikuwa darajani, akaniuliza nimepoteza nini. Nikaifunika meli kwa koti. Nikajibu: pete. Pete ya Mayasa. Sijui hata ilinitokaje mdomoni.

Akasema eish, pole sana kaka. Akavua viatu, akakunja suruali ya suti, akaingia majini. Tumetafuta pete isiyokuwepo mpaka giza likaingia. Aliponiona nalia akanishika bega. Nilikuwa nalilia mwanga.

Ijumaa, 8 Machi

Picha zimesafishwa. Ya kwanza ni kidole gumba changu. Ya pili... Meli kabisa! Mselem, aliyeutunga uongo huu mwenyewe, ameitazama, kisha akaniuliza inatia nanga wapi.

Mayasa naye ameuliza pete iko wapi. Seif amemwambia. Nimesema bado inatafutwa.

Alhamisi, 14 Machi

Mzee amepiga simu.

Amesema magurudumu yamefungwa kinyume, hiyo meli itarudi nyuma tu. Amesema kwenye bomba la moshi anasoma neno nyanya kwa Kiingereza. Nikangoja matusi. Kumbe mzee anacheka! Mayasa alikwishamwambia zamani habari za foleni, wala mzee hakuona kasoro, alikuwa akingoja kuzisikia kwangu. Akasema tangu mkewe afariki hajacheka hivi. Anaulizia jambo moja tu, kisha atajibu barua. Nani ameitengeneza meli hii?

Jibu nilikuwa nalo. Gaston. Mayasa alikuwa kando yangu ameshika mkono wa shati langu, ananitikisia kichwa niseme.

Nikasema: mimi, baba.

Mzee akasema vizuri, tarehe 28 atakuja mwenyewe na vifaa vyake, tutengeneze nyingine pamoja, aione mikono yangu ikifanya kazi. Barua itajibiwa baada ya hapo. Mayasa akaniachia shati.

Ijumaa, 15 Machi

Gaston amejaribu kunifundisha kukata bati. Hapana. Mayasa hapokei simu.

Lakini usingizi ulipogoma nimepata akili! Nimenunua bendeji. Tarehe 28 nitaufunga mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko, niseme niliumia mtoni nikitafuta pete. Seif atakuwa shahidi.