Zumari la Mheshimiwa na Mwitikio wa Hadhira

Umma wa Ukanda wa Ziwa unaarifiwa, kwa heshima na taadhima, kwamba tatizo la furaha limepatiwa ufumbuzi. Mamlaka ya Mapokezi na Shangwe, iliyoundwa ili wananchi waache kushangilia ovyo ovyo kama walivyozoea, imenunua ala mpya ya muziki kutoka Uskoti. Ni mfuko wa ngozi uliochomekwa mabomba. Mpigaji huupuliza kwa bomba moja, huubana kwapani, na sauti hutoka kwa mabomba yote yaliyobaki. Jina lake rasmi ni Zumari la Mfuko. Watu wa Migori, ambao hawana adabu na majina rasmi, walikuwa wameshaliita mbuzi wa serikali hata kabla halijatolewa sandukuni.

Wapo waliouliza kwa nini Mamlaka haikununua nyatiti ya Wajaluo, au litungu la Wakuria, ala zinazotengenezwa hapa hapa. Walijibiwa kwa upole kwamba ala inayotengenezwa hapa haihitaji safari ya mafunzo.

Safari hiyo alikwenda Mwenyekiti wa Mamlaka mwenyewe, Mheshimiwa Nicanor, mtu wa kitambi cha haja na sauti ya kuamuru. Alirudi na cheti, mafua, na sketi ya miraba ambayo bila kuivaa, alisema, zumari haliwezi kulia vizuri. Na kwa kuwa kuajiri mpigaji kungehitaji tenda, Mheshimiwa alikubali kujitolea kulipiga yeye mwenyewe, kwa posho ya kawaida ya kujitolea.

Katika haya yote aliyekosa usingizi alikuwa Joash. Cheo chake kilikuwa Afisa wa Mwitikio wa Hadhira (wa Muda), na hilo neno la mwisho lilikuwa limemganda kama kupe. Kwao Muhuru Bay, mkewe Dorine alikuwa amemtangazia kila mtu kwamba mumewe ni mtu wa ofisi. Hata mama mkwe, ambaye kwa miaka alimwita "yule", sasa alimtaja kwa jina. Joash aliipenda kazi hiyo. Aliipenda kweli, wala hakuona aibu kusema.

"Joash," Mheshimiwa alimwambia kabla ya ziara, "tunakwenda Migori, Homa Bay na Ogwedhi. Nikipata shangwe ya kweli hata mahali pamoja, nakuajiri moja kwa moja. Nisipopata, utarudi Muhuru ukaanike dagaa wa omena."

"Shangwe ya kweli ni gani, Mheshimiwa?"

"Ile ambayo haijalipiwa."

Joash alikuwa amefanya kazi katika Mamlaka muda wa kutosha kujua jinsi shangwe zinavyopatikana.

Migori walianzia stendi ya bodaboda. Mheshimiwa alipopuliza tu, pikipiki zote zilipisha barabara, waendeshaji wakidhani ni ambulensi. Ambulensi ilipokosa kutokea, walirudi wakamzunguka. Mmoja wao, Levis, ambaye pia hutengeneza pikipiki, alichuchumaa akatega sikio kwenye bomba refu.

"Zima. Zima kwanza, mkubwa," alisema. "Hii silensa imekwisha. Na hapa chini inavuta hewa. Nani alikuuzia hii kitu?"

"Hii si pikipiki," Joash alieleza. "Ni muziki."

"Omera, ndugu yangu, hata yangu ilikuwa inaimba hivi kabla injini ikufe."

Waendeshaji wakaanza kubishana kama ni silensa au ni gasketi. Mama mmoja muuza ndizi alipenya katikati yao akaitazama sketi ya miraba kwa makini, mbele na nyuma.

"Mheshimiwa, hiyo yunifomu ni ya shule gani? Wangu ameitwa fomu wani na sijui pa kuinunua."

Garini, Mheshimiwa aliuliza kama wameshangilia.

"Walishauri," alijibu Joash. Kwenye kundi la WhatsApp la Mamlaka akaandika kwamba vijana wa Migori walionyesha usikivu wa kiufundi.

Homa Bay walikwenda ufukweni, mahali wanawake wanapouza samaki. Zumari la mfuko, kabla ya kuimba, hukoroma chini kwa chini, kisha hupasua kilio kimoja kirefu. Kilio hicho kilipopanda, muuza samaki aitwaye Milka aliweka mikono kichwani akaachia ukemi. Sasa huko kando ya ziwa mtu hasubiri kuelezwa. Akisikia kilio, hulia kwanza, kisha ndipo huuliza aliyekufa ni nani.

"Yawa! En ng'a ma otho?" alilia Milka. "Jamani, nani amekufa?"

Hakuna aliyejua, kwa hiyo walilia kwa nguvu zaidi, maana msiba usio na jina unaweza kuwa wa yeyote. Vijana walileta viti. Baada ya viti likaja hema, na baada ya hema vikaja vipaza sauti, na muda si muda kimoja kilikuwa mkononi mwa Mheshimiwa. Joash aliomba kimoyomoyo bosi wake aseme ukweli. Lakini Mheshimiwa hajawahi kushika kipaza sauti chini ya hema akashindwa kuomboleza.

"Marehemu," alisema kwa uchungu, "alikuwa rafiki yangu wa karibu. Juzi tu tumeongea kwa simu."

Milka alijifuta machozi kwa ncha ya leso. "Kumbe ulikuwa unamjua?"

"Sana, mama."

"Alikuwa anaitwa nani?"

Mheshimiwa alikohoa. "Mama, huu si wakati wa siasa."

Joash aliandika kwamba hadhira ya Homa Bay iliguswa mno. Ilikuwa kweli tupu, na haikumsaidia.

Ikabaki Ogwedhi, kule Uriri mpakani na Narok, siku ya soko la mifugo. Joash hakutaka kubahatisha tena. Alimshawishi Mheshimiwa kwamba chakula si malipo, ni lishe, na Mamlaka ikanunua mbuzi watatu. Mapema siku ya soko, Joash mwenyewe alizunguka na kipaza sauti akitangaza kwamba baada ya muziki kila mtu atakula nyama. Watu wa Ogwedhi wakaitikia kistaarabu. Walikuja na sahani, na wengine na sufuria zenye vifuniko.

Lakini nyama ya umma haiwezi kuliwa na umma kabla ya kukaguliwa. Kamati Ndogo ya Usalama wa Chakula, yaani Mheshimiwa na mashemeji zake wawili, ilianza ukaguzi nyuma ya hema. Walizikagua mbavu. Waliikagua miguu. Walipotilia shaka maini waliyakagua pia, kisha supu, ili ripoti isiwe na mapengo. Joash alipochungulia, ushahidi ulikuwa umekwisha na mashemeji walikuwa wanatafuta vijiti vya meno. Aliona haya hadi masikio yakamuwaka. Wale watu aliwaahidi kwa mdomo wake mwenyewe.

"Sasa nitawaambia nini, Mheshimiwa?"

"Waambie nyama ilikuwa salama," alisema Mheshimiwa, akajivuta kwenda jukwaani.

Wajumbe wa Mamlaka walikuwa wanafuatilia moja kwa moja kwa video kutoka ukumbi wa mikutano Migori, wakiongozwa na Naibu Mwenyekiti, Bi Roseline. Joash aliinua simu awaonyeshe. Mheshimiwa akatia bomba mdomoni, akapuliza.

Kupuliza mfuko juu ya tumbo lililoshiba ni kazi. Mashavu yalimvimba. Jasho likamtiririka. Macho yakamtoka, na kitambi kikawa kinapanda na kushuka huku mfuko ukikoroma. Wachungaji waliacha kupatana bei ya ng'ombe wakasogea. Mbele yao alikuwa Gisiri, dalali na pia tabibu wa mifugo, ambaye alikuwa ametibu ng'ombe wengi sana, na baadhi yao walipona.

Gisiri hakutazama zumari hata kidogo. Alimtazama Mheshimiwa ubavu wa kushoto, pale gesi hukaa. Akapanda jukwaani, akakipiga kitambi kwa vidole viwili, akasikiliza.

"Huyu amefura," alitangaza. "Amejaa gesi. Na aliyemwekea kijiti mdomoni amefanya vizuri, lakini amekiweka vibaya. Lazima kikae hivi, kukingama, ndio atoe mate."

Kila mchungaji anajua hivyo. Ng'ombe akifura, hufungwa kijiti kinywani acheue upepo, hunyweshwa mafuta ya kupikia yenye magadi, kisha hutembezwa. Gisiri alivuta bomba, akaingiza fimbo fupi iliyokingama na kuifunga kamba nyuma ya kisogo, na yote hayo kabla Mheshimiwa hajapata pumzi ya kuamuru kitu. Wanaume wanne walimshika kwa heshima zote. Mashemeji wakakumbuka kwamba wameacha gari wazi.

"Mmmh! Mmmh!" alisema Mheshimiwa.

"Usiongee, mzee. Upepo utarudi ndani." Gisiri akamgeukia Joash, chupa ya mafuta mkononi. "Wewe ndio mchungaji wake?"

"Mimi ni Afisa wa Mwitikio wa Hadhira."

"Ni sawa. Niambie basi, amekula nini? Lazima nijue, ndio nipime dawa."

Mheshimiwa alimtolea macho, akitikisa kichwa kwa nguvu. Joash aliifikiria ajira. Alimfikiria Dorine, akamfikiria na mama mkwe akirudi kumwita "yule". Kisha akawatazama watu wa Ogwedhi, waliosimama juani na sufuria zao tupu, wakimwamini bado.

"Amekula mbuzi," alisema.

"Mbuzi gani?"

"Wenu."

"Mmoja?"

"Wote."

Soko lilitulia hata ng'ombe wakashangaa. Gisiri aliitazama chupa aliyoshika, akairudisha chini taratibu.

"Hii haitoshi," alisema. "Leteni jerikeni."

Hapo ndipo shangwe ilipolipuka. Vigelegele, miluzi, vifuniko vikigongwa kwenye sufuria, wazee wakirusha kofia, na Mheshimiwa katikati akinyweshwa mafuta na magadi, kisha akitembezwa kulizunguka zizi, sketi ya miraba ikipepea. Alipocheua mara ya kwanza, watu wa upande wa Narok waliacha biashara wakaja mbio kushangilia. Hakuna aliyekuwa amelipwa. Hakuna aliyekuwa amekula chochote.

"Joash!" Bi Roseline aliita kwenye simu. Nyuma yake wajumbe walikuwa wamesimama juu ya viti. "Hiyo ni shangwe ya kweli?"

"Ya kweli, mama. Haijalipiwa."

"Basi natoa hoja. Onyesho hili lirudiwe kila siku ya soko, katika masoko yote ya ukanda, kama lilivyo, bila kupunguza mafuta. Na Joash aajiriwe moja kwa moja. Mwenyekiti, una pingamizi?"

Joash alisogeza simu karibu na uso wa Mwenyekiti, kama utaratibu unavyotaka. Mwenyekiti alitoa macho, akatikisa kichwa, akakoroma kwa kirefu kupitia kando ya fimbo.

"Mwacheni, asiongee," alisema Gisiri.

Bi Roseline alisubiri kwa muda unaofaa. Na kwa kuwa kanuni za Mamlaka zinasema pingamizi sharti litamkwe kwa maneno, hoja ikapita.